Minyoo fundo kwenye nyanya: hawa bakteria wa udongo wanafanya kazi kweli?

Binti_Vinyungu (Ilula)

Wakuu, habari za majukumu.

Nalima nyanya hapa Ilula, wilaya ya Kilolo, robo tatu ya eka kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, alivyoacha marehemu baba. Huu ni mwaka wa nne narudisha nyanya pale pale. Najua si vizuri, lakini ndipo penye maji ya kiangazi na ndipo gari la matenga linapofika bila kuvuka korongo.

Mwaka juzi upande wa chini, kandokando ya mfereji, mimea ilianza kulegea saa saba mchana, jioni inasimama tena. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Mwaka jana upande ule ule ukadumaa, majani ya chini yakawa njano, nyanya zikatoka ndogo kama ndimu. Dukani nikaambiwa ni njaa ya mbolea. Nikatia CAN, nikarudia. Mwaka wa kwanza kipande hiki kilinipa matenga 118. Mwaka jana nilitoa 41. Siku nang'oa mashina nisafishe shamba ndipo nikaona mizizi imevimba mafundo mafundo kama tangawizi. Shangazi yangu akatazama mara moja tu, akasema hao ni minyoo fundo, na bamia ukiziweka hapa zitakwenda hivyo hivyo.

Zile punje za kuua minyoo za zamani sizitaki tena nyumbani kwetu. Nilikuwa darasa la sita mama alipozitia kwenye mashimo ya migomba, kuku wakadonoa, jioni tukaokota saba, mmoja baada ya mwingine.

Sasa juzi kapita kijana na pikipiki, anauza chupa za lita moja. Anasema ndani kuna bakteria wanaokula minyoo, unamwaga shambani mara moja na minyoo wanaisha. Anataka 45,000. Chupa ina picha ya nyanya na namba ya simu, basi. Miche yangu ina siku 12 kitaluni.

Naomba msaada: bakteria wa namna hiyo wapo kweli? Kama wapo, wanafanyaje kazi, na niwaweke lini? Ningefurahi kusikia kutoka kwa mtu aliyewatumia kwa mkono wake.

---

Mzee_Hadubini (Morogoro)

Binti yangu, pole sana. Nimefanya kazi ya kuosha mizizi na kuhesabu minyoo maabara kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na maelezo yako ni bora kuliko mengi niliyoletewa mezani. Kulegea mchana na kusimama jioni, upande mmoja wa shamba na si shamba zima, hiyo ni dalili yao. Mzizi wenye mafundo haupandishi maji ya kutosha jua likiwa kali, hata udongo ukiwa umelowa. Ndiyo maana maji na CAN havikusaidia.

Nianze na jambo dogo ambalo limewapotosha wengi. Ukiona vinundu kwenye mizizi ya maharage usiogope. Vile ni vya bakteria wema wa naitrojeni: unavibandua kwa ukucha, na ukipasua ndani ni vya waridi. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kulibandua bila kuukata mzizi. Nyanya haina vile vinundu vya maharage, kwa hiyo shangazi yako yuko sahihi.

Mnyoo anayeingia kwenye mzizi bado ni mtoto, urefu wake haufiki nusu milimita, humwoni kwa jicho. Anatoboa nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, anasogea ndani, kisha anatulia mahali pamoja. Anazilazimisha seli chache za mmea zinazozunguka kichwa chake zinenepe kupita kiasi, na hizo ndizo zinazomlisha maisha yake yote. Jike akikomaa anakuwa kama kibuyu na anataga mayai 300 hadi 500 ndani ya ute unaoonekana nje ya fundo. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, kutoka yai hadi yai ni karibu mwezi mmoja. Nyanya yako inakaa shambani zaidi ya miezi mitatu. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi.

Sasa bakteria. Wapo, na nimewaona wakifanya kazi. Ila neno "bakteria" peke yake halikuambii kitu. Ni sawa na mtu kukuuzia "mnyama" usiku, humjui kama ni mbuzi au fisi. Wanaotumika zaidi ni wa kundi la Bacillus: Bacillus subtilis, Bacillus firmus, Bacillus amyloliquefaciens. Hawa hawamkimbizi mnyoo udongoni wakamla. Wanakaa juu ya mzizi mchanga, wanatandaza utando, wanakula utomvu unaovuja kutoka kwenye mzizi. Mnyoo huutafuta mzizi kwa kufuata harufu ya utomvu huo, na bakteria wakishaubadilisha, wengi hupotea njia. Pia wanatoa vimeng'enya. Ganda la yai la mnyoo lina kitini, kitu kigumu kama cha maganda ya wadudu, na ngozi ya mtoto wa mnyoo ni protini, na vipo vimeng'enya vya kuharibu vyote viwili. Halafu mmea wenyewe ukiguswa na bakteria hawa unaamsha kinga yake mapema. Pseudomonas fluorescens naye anafanya kazi ya jinsi hiyo hiyo na ni hodari, lakini Bacillus anajifungia ndani ya spora ngumu inayovumilia ukavu na joto la dukani, na Pseudomonas hana spora. Pseudomonas aliyekaa kwenye rafu ya bati mwezi wa kumi na moja, mimi simnunui.

Neno ninalotaka ulishike kuliko yote: bakteria hawa hawamtoi mnyoo aliyekwisha kuingia. Wanalinda mzizi ambao haujaguswa. Aliyekwambia umwage shambani mara moja na minyoo waishe, ama hajui ama anajua na anakudanganya. Mahali pao ni kitaluni, sasa hivi, miche ikiwa na siku 12 na mizizi bado myeupe. Wakishatanda pale, mche unahamia shambani ukiwa umevaa nguo tayari.

Lakini kwanza niambie, udongo wa kitalu umeutoa wapi? Kama umeuchota kwenye vinyungu hivyo hivyo, minyoo umeshawapandikiza wewe mwenyewe. Ng'oa miche mitano leo, ioshe taratibu kwenye beseni, itazame juani.

Na chupa ya kijana iache. Mfuko au chupa ya kweli ina jina kamili la bakteria, idadi ya walio hai kwa kila gramu au mililita, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Idadi ndiyo bei halisi. Mfuko wenye bilioni 1 kwa gramu na mwingine wenye milioni 10 kwa gramu vinaweza kuuzwa shilingi sawa, lakini wa pili utahitaji gramu 100 kufanya kazi ya gramu 1 ya ule wa kwanza.

---

Binti_Vinyungu (Ilula)

Shikamoo mzee. Asante sana, nimesoma mara mbili.

Udongo wa kitalu nilichota msituni juu, nikachanganya na samadi iliyooza. Nimeng'oa miche mitano, mizizi ni myeupe na imenyooka, sijaona fundo.

Kijana nimemrudisha. Jumamosi nashuka Iringa mjini kutafuta. Je, nikimwaga kitaluni inatosha, au na shambani?

---

Kitalu_Kirinyaga (Kenya)

Habari zenu kutoka Kirinyaga. Mimi nimewatumia, kwa hivyo nieleze yaliyonipata.

Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30. Nilipanda nyanya misimu mitano bila kupumzisha, na ukiwa na paa la plastiki huna njia ya kuhamisha shamba. Msimu wa sita mizizi ilikuwa imeharibika vibaya sana. Nikanunua mbegu yenye herufi N kwenye pakiti, ile inayoonyesha kwamba inastahimili minyoo. Ilisaidia mwanzo, kisha mafundo yakarudi. Baadaye nikaelewa: ile kinga inategemea jeni iitwayo Mi, na udongo ukipita nyuzi 28 hivi inalegea. Ndani ya plastiki, mwezi wa pili, udongo wangu ulikuwa unapita hapo kila siku. Kwa shamba la wazi lenye ubaridi kama la huyu dada, mbegu ya N bado ni rafiki mzuri.

Nikaenda agroveti nikachukua Bacillus ya unga. Mara ya kwanza niliwaua mwenyewe. Nilipitisha kwenye mipira ya matone siku ya Jumatatu, na Jumatano nikapitisha kopa, dawa ya ukungu yenye shaba, kwenye mipira hiyo hiyo kwa sababu niliona mnyauko. Kopa inaua bakteria, hiyo ndiyo kazi yake, haibagui mwema na mbaya. Isitoshe, maji yangu ni ya bomba yenye klorini na sikuyapumzisha. Nikapoteza pesa na msimu, nikaenda nikiwaambia watu kwamba bakteria ni uongo. Niliwakosesha na wengine, na hilo linaniuma mpaka leo.

Msimu uliofuata nilianza kwenye trei za miche. Maji nilikinga kwenye pipa siku mbili kabla, bila kifuniko. Nikamwagia trei mara moja wiki ya pili, nikachovya mizizi siku ya kuhamisha, kisha nikarudia shambani kila baada ya wiki mbili au tatu, jioni, udongo ukiwa tayari umelowa. Kopa nikaiweka kwenye majani tu, kwa bomba lingine kabisa la kupulizia, na sikuruhusu itiririke chini. Nilitia mboji pia, ndoo moja kwa kila mita mbili za tuta, maana bakteria kwenye udongo mtupu ni mgeni asiye na chakula. Na mistari miwili niliiacha bila kitu. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonifanya niamini, kwa sababu tofauti niliiona kwa macho wakati wa kung'oa. Minyoo hawakuisha. Walichelewa, na mimea ikapata nafasi ya kubeba matunda kabla ya kuzidiwa.

Dada, acha mistari michache bila dawa. Bila hiyo hutajua kamwe ulichonunua.

---

Mzee_Hadubini (Morogoro)

Ndugu wa Kirinyaga amenimalizia kazi. Binti, fuata utaratibu wake, na kipimo fuata cha kwenye mfuko wako. Osha ndoo na bomba vizuri. Mabaki ya dawa ya ukungu ya wiki iliyopita yanatosha kuharibu.

---

Mtu_wa_Mahenge

Wakuu, naomba kuongeza kidogo. Sisi wa Mahenge kila mwaka tunagawiwa vidonge vya usubi, ule ugonjwa unaopofusha, vile vya ivermectini. Niliposoma vilikotoka nilishangaa: vimetokana na bakteria wa udongo, Streptomyces avermitilis, aliyechotwa Japani na mwanasayansi Satoshi Ōmura. Yeye na mwenzake wa utafiti huo, William Campbell, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ndugu yake wa karibu kwenye kilimo ni abamektini, na ipo inayouzwa kwa ajili ya minyoo ya mizizi. Kwa hiyo bakteria wa udongo dhidi ya minyoo si jambo la mtaani, macho ya ndugu zetu wengi huku yameokolewa kwa njia hiyo.

Tahadhari: abamektini ni sumu iliyokamuliwa kutoka kwa bakteria, si bakteria hai. Inashika udongo pale inapoangukia na haisambai mbali. Na ni hatari kwa nyuki na samaki. Dada mwenye mfereji awe mwangalifu.

---

Songea_Kijani

Kwetu Ruvuma wazee wanakumbuka Padri Gerold Rupper wa Peramiho na marejea zake, ule mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa kurutubisha udongo. Alizihimiza kwa ajili ya rutuba, lakini mama yangu anasema bustani iliyotoka kwenye marejea nyanya zake hazikuwa na mafundo. Mzee Hadubini, kuna ukweli?

---

Mzee_Hadubini (Morogoro)

Kuna ukweli, na nafurahi umelitaja. Mnyoo fundo anaingia kwenye mzizi wa marejea lakini hazai vizuri humo. Msimu mmoja wa marejea unapunguza idadi, kisha unaifukia inakuwa chakula cha bakteria. Binti akiweza kutoa hata theluthi ya kipande chake kila mwaka iwe marejea au mahindi mvua zikiwepo, bakteria watakuwa na kazi nyepesi. Ila mahindi si salama kabisa, baadhi ya minyoo hawa huyakubali.

Niwaambie na habari ya bakteria mmoja ambaye nilimpenda kuliko wote niliowaona kazini. Anaitwa Pasteuria penetrans. Mtaalamu wa minyoo Nathan Cobb alimwona mwaka 1906 akamdhania kiumbe wa kundi lingine kabisa, na ilipita miaka mingi, hadi 1985, ndipo akapewa jina analotumia sasa. Spora zake zinakaa tu udongoni zikisubiri. Mtoto wa mnyoo akipita, zinamganda kwenye ngozi, chini ya hadubini unaziona kama vifungo vya shati. Mnyoo anaingia kwenye mzizi nazo, anakula, anakua, lakini bakteria anakua ndani yake. Jike anayepaswa kujaa mayai anajaa spora, hadi milioni 2 katika mwili mmoja. Mzizi ukioza zinamwagika udongoni zikangoje wengine. Zinaweza kukaa miaka.

Ugumu wake ni kwamba anataka mnyoo aliye hai ili azaliane, na kila aina ndogo yake inachagua minyoo wa kwake. Zamani tulimzalisha kwa njia ya mikono: unaotesha nyanya kwenye vyungu, unatia minyoo wenye spora, miezi miwili baadaye unaosha mizizi, unaikausha kivulini, unaisaga iwe unga, huo unga ndiyo dawa. Marekani waliweza kumkuza bila mnyoo, lakini huku mkulima mdogo bado hampati dukani kirahisi. Ila anaweza kuwa shambani kwako bila wewe kujua. Shamba linalorudiwa zao lile lile miaka mingi, minyoo wakapanda kisha wakaanza kushuka wenyewe bila sababu, hapo mimi huchukua udongo nikatazame.

---

Binti_Vinyungu (Ilula) — wiki kumi na tano baadaye

Shikamoo mzee, na salamu kwenu nyote. Nimemaliza mchumo wa mwisho jana, nimeona nirudi niseme.

Nilipata Bacillus ya unga mjini, mfuko una kila kitu mzee alichotaja. Niliwapa miche siku ya 16, nikachovya mizizi siku ya kuhamisha, kisha mara tatu shambani kila baada ya wiki mbili, maji ya mfereji, saa kumi na mbili jioni. Mboji niliyokuwa nayo ilitosha upande wa chini tu. Shamba lina mistari 18. Niliacha minne bila bakteria, miwili chini karibu na mfereji na miwili juu.

Upande wa chini, mistari saba yenye bakteria imenipa matenga 23, na ile miwili mitupu imenipa 4. Niling'oa mimea kumi ya mistari mitupu: yote ina mafundo, sita kati yake mzizi mkuu umevimba wote. Nikang'oa kumi ya mistari yenye bakteria: mitatu haina kitu, saba ina mafundo madogo, mengi yakiwa kwenye ncha za mizizi ya pembeni, maana yake waliingia wamechelewa. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya mboji, kwa sababu mistari mitupu sikuitia. Hilo nimelikosea, mwakani nitatia yote.

Upande wa juu, mistari tisa, matenga 38, na sikuona tofauti kati ya iliyopata na isiyopata. Jumla 65. Sijafika 118, lakini ada ya mdogo wangu imelipwa na deni la mbolea limekwisha.

Mzee, jambo linalonirudisha kwako ni huo upande wa juu. Udongo ni ule ule wa kichanga, maji ni yale yale, nyanya zimerudiwa miaka minne sawasawa. Ile mistari miwili mitupu ya kule nimeing'oa yote. Ina vifundo vichache, vidogo, na nilipovipasua karibu na ute sikuona mayai mengi kama ya chini. Shangazi anakumbuka mwaka wa pili kona ile ile ilikuwa na mafundo makubwa. Je, inaweza kuwa yule bakteria uliyetuambia?

---

Mzee_Hadubini (Morogoro)

Marahaba binti yangu. Umefanya kazi nzuri, na umenifurahisha kwa kusema ulipokosea kuhusu mboji.

Inaweza kuwa yeye. Inaweza pia kuwa kuvu wanaokula mayai, nao hukaa kwenye udongo wa namna hiyo. Bila kutazama siwezi kusema. Usilime kona hiyo kwa sasa, na usiruhusu mtu aichome moto. Chimba mahali kumi tofauti, kina cha sentimita 15 hadi 20, pale pale mizizi ilipokuwa. Changanya kwenye ndoo safi, chukua nusu kilo, tia pamoja na mizizi yenye vifundo kwenye mfuko wa nailoni, funga. Usiuache juani wala juu ya injini ya basi. Chukua na wa upande wa chini, mfuko mwingine, uandike jina.

Hadubini ya kuazima bado naipata siku za Alhamisi.

---

Binti_Vinyungu (Ilula)

Nachimba kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Jumatano napanda basi la Morogoro, mifuko yote miwili nitaipakata.